Siku 14 za Anti kwa bedsita yangu

Post ya leo haina vidio. Haina picha ya kabla na baada, haina hata sauti yangu. Ni maandishi tu, na najua kuna wale watapita. Sawa. Wale mtabaki, mkifika mwisho mtajua kwa nini.

Hii stori ni ya shangazi yangu, dada ya babangu, mwenye mimi humwita Anti. Ako na miaka 56. Ako na hadwea Thika, anauza simiti, mabati, misumari, rangi, kila kitu. Ndiye amenilea kutoka nikiwa darasa la tatu, na ndiye alikuwa ananilipia karo ya chuo kikuu mpaka nikaacha nikiwa mwaka wa pili. Niliacha bila kumwambia. Alikuja kujua miezi 5 baadaye, tena kutoka kwa mtu mwingine. Shikilia hapo, tutairudia.

Mwaka jana Anti alipungua uzito. Haikuwa mambo ya urembo. Aliambiwa presha yake iko juu, akaogopa, akaanza kutembea kila asubuhi na akaachana na chapati za usiku. Baada ya mwaka nguo zake zote zilikuwa kubwa. Mwili ukawa mwepesi, lakini uso ukabaki nyuma. Ngozi yenye ilikuwa imezoea mashavu ya kujaa ikakosa pa kukaa, ikateremka kwa taya, ikaning'inia chini ya kidevu. Watu wakaanza: "Mama, uko sawa? Unaumwa?" Kanisani mtu akamwombea bila kuombwa. Lakini ile siku ilimmaliza ni ile kijana mmoja alileta mzigo wa mabati, akamkuta pale kaunta, akamuuliza, "Shosho, mwenye duka ako wapi?"

Alinipea hiyo stori akicheka. Wiki 2 baadaye akanipigia, akauliza kama naweza kumtafutia daktari wa kukaza uso. Alikuwa anaongea chini chini, kama mtu anaulizia bei ya kitu cha aibu.

Nitasema ukweli wangu hapa kwa sababu bila huo hii post haina maana. Kitu cha kwanza kilikuja kwa kichwa yangu hakikuwa "pole" wala "una uhakika?" Kilikuwa "kontenti". Akaunti yangu ilikuwa imelala, vidio zilikuwa zinaangaliwa na watu wale wale, na nilikuwa na deni la kodi ya miezi 2. Na hapa kuna mama wa hadwea kutoka Thika anataka kukaza uso. Manze, nilishaona hata kichwa cha hiyo vidio.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta daktari, na hapa nisikilizeni vizuri. Mtu yeyote anaweza kufungua ukurasa Instagram, aweke picha za sura safi, ajiite mtaalamu. Wa kwanza tulipata alikuwa na ukurasa msafi sana. Tulipouliza jina lake kamili alizunguka. Tulipouliza operesheni itafanyiwa wapi alisema tutume kwanza pesa ya kushikilia nafasi. Tukaachana naye. Kenya kuna baraza la kusajili madaktari, KMPDC, na rejista yake iko mtandaoni. Unaingiza jina la daktari unaona kama amesajiliwa na ni mtaalamu wa nini. Halafu unaangalia pia ile hospitali yenyewe kama iko na leseni, kwa sababu daktari anaweza kuwa halali na chumba anakupasulia kikawa si halali. Inachukua dakika 10. Watu hutumia muda mrefu kuliko huo kuchagua viatu.

Daktari wa pili alikuwa kwa rejista. Nilienda na Anti siku ya kumwona. Tulikaa karibu saa nzima, na nyingi ya hiyo saa hakuongelea uso. Aliuliza presha. Aliuliza dawa zote anameza, hata za kienyeji. Anti hunywa kitunguu saumu na tangawizi kila asubuhi kama dini. Akaambiwa aache wiki kadhaa kabla ya operesheni, pamoja na aspirini na Brufen, kwa sababu hivyo vitu vinaweza kufanya mtu atokwe na damu zaidi. Aliuliza kuhusu sigara, na akasema shisha na vepu zinahesabika pia. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu, na ngozi ya uso ikishainuliwa inategemea hiyo mishipa ndio iishi. Mvutaji anaweza kupona huku kipande cha ngozi nyuma ya sikio kimekufa na kuwa cheusi. Kwa hivyo unaacha angalau wiki 4 kabla na unakaa mbali nayo baada. Sasa fikiria nchi yetu yenye shisha ilipigwa marufuku 2017 na bado wasee wananusa kila Ijumaa.

Halafu akanigeukia mimi. Niko na kovu nene kwa sikio, lilitokea nilipotoboa mara ya pili nikiwa fomu tatu. Keloidi. Akaangalia hilo sikio langu kwa makini kuliko alivyoangalia uso wa Anti. Ngozi nyeusi huwa na uwezekano mkubwa wa keloidi, na hiyo kitu hutembea kwa familia. Akataka kuona masikio ya Anti na kovu lake la zamani la apendiksi. Lilikuwa jembamba na limelala. Akasema hiyo ni dalili nzuri lakini si ahadi.

Wacha niwaeleze chenye hufanyika, kwa sababu nilikuwa nadhani wanavuta ngozi tu kama mtu anafunga nywele. Daktari alitumia mfano wa kitanda. Ukivuta shuka peke yake na godoro limebonyea, itakaa vizuri siku kidogo halafu italegea, na kabla ilegee utaonekana kama mtu amesimama kwa upepo. Chini ya ngozi na mafuta ya uso kuna tabaka gumu lenye limeshikana na misuli. Madaktari wawili Wafaransa, Mitz na Peyronie, ndio walilieleza vizuri mwaka wa 1976, na tangu hapo operesheni ilibadilika. Siku hizi wanainua hilo tabaka kwanza, wanalishonea juu, halafu ngozi inalazwa bila kuvutwa sana na ile imezidi inakatwa. Mkato unaanza kwa nywele karibu na panja, unashuka mbele ya sikio, unazunguka ndewe, unapanda nyuma ya sikio na kuingia tena kwa nywele. Pande zote mbili.

Na kuna mambo hii operesheni haifanyi. Inashughulikia taya, shingo, na mashavu kiasi. Haiondoi madoa. Haigusi mikunjo ya macho wala ya paji la uso. Haisimamishi miaka. Unarudishwa nyuma kidogo halafu unaendelea kuzeeka kutoka pale. Daktari alisema kwa wengi kazi inaweza kukaa miaka 7 mpaka 10 hivi. Bima ya afya kwa kawaida hailipii mambo ya urembo, kwa hivyo kila shilingi ni yako: daktari, mtu wa nusukaputi, chumba cha upasuaji, kitanda, dawa. Na ukiuliza bei, uliza pia ukirudishwa chumbani kwa dharura nani analipa. Hilo swali Anti aliuliza kwa sababu yeye ni mfanyabiashara. Mimi singefikiria.

Mwisho daktari akapima presha, akatingisha kichwa, akasema hatamgusa. Arudi kwa daktari wake wa presha kwanza. Anti alikasirika njia yote mpaka Thika. Operesheni ilifanyika wiki 6 baadaye. Kama daktari wako hana siku anaweza kukwambia "hapana", mogope.

Sasa shida ikawa atapona wapi. Thika haiwezekani, kila mtu anamjua. Familia hakuna mtu aliambiwa. Duka aliliachia kijana wake wa kazi, akasema anaenda semina Kisumu. Na daktari alitaka akae karibu na hospitali, na mtu mzima wa kumwangalia usiku na mchana siku za kwanza. Ndivyo Anti alifika kwa bedsita yangu Roysambu, gorofa ya 4, na begi moja limejaa madera.

Hapo tulikosea mara ya kwanza. Dera linavaliwa kupitia kichwani. Ukitoka kukaza uso huwezi kupitisha kitu kichwani. Niliyakata matatu na makasi kutoka shingo mpaka kifuani, na mengine akashinda na shati zangu za vifungo.

Operesheni ilichukua zaidi ya saa 4. Alilala hospitali usiku mmoja. Asubuhi wakatoa mirija miwili ya plastiki yenye ilikuwa inatoa damu na maji chini ya ngozi, wakatoa bandeji kubwa, wakamwachia mshipi wa kuvutika unaopita chini ya kidevu. Tukapewa karatasi ya maagizo na namba ya simu. Alale chali, kichwa kimeinuka. Asiiname. Asiinue kitu kizito. Chakula laini, chumvi kidogo. Asikasirike. Hiyo ya mwisho tulicheka.

Mimi nilikuwa nimeanza kurekodi tangu kwa wadi. Klipu fupi fupi. Akiwa amelala, akiwa anajaribu kunywa uji, akiwa amejiangalia kwa dirisha. Hakuwa amekubali. Hata sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa najiambia nitamuuliza akipona, na kila mtu anayefanya hii kazi yangu anajua hiyo "nitamuuliza baadaye" huwa inamaanisha nini.

Siku hiyo ya kwanza nyumbani, jioni, kijana wa duka akapiga simu. Alikuwa ametoa mifuko 50 ya simiti kwa mkopo. Anti, na uso umefungwa, alimgombeza mpaka jirani akazima redio. Nilimnyang'anya simu lakini ilikuwa imeshaenda dakika 5.

Saa tano usiku akasema upande wa kushoto unakaza, kama mtu anaujaza pumzi. Nikamwambia ni uvimbe, daktari si alisema atavimba? Lala. Nikazima taa, nikalala kwa godoro chini, nikaanza kupanga klipu zangu. Nikaweka ya saa nane mchana, ya saa moja jioni, na moja nilikuwa nimeiba hiyo saa tano, zikapangana kwa kioo cha simu. Na hapo nikaona. Shavu la kulia lilikuwa lile lile kwa zote tatu. La kushoto lilikuwa linakua. Kwa ile ya mwisho ngozi karibu na sikio ilikuwa inang'aa kama puto.

Nikawasha taa nikasoma karatasi. Upande mmoja ukivimba ghafla kuliko mwingine, ukikaza, maumivu yakizidi, piga simu saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi. Nikapiga. Yule nesi akauliza, "Imeanza lini?" Nikajibu saa kamili. Akauliza, "Una uhakika?" Nikasema, "Ndio. Niko na vidio."

Anti alikuwa ameketi kitandani anasikia. Hakuweza kugeuza shingo, akageuza macho tu. Aliniangalia hivyo mpaka teksi ikafika, na njia yote mpaka hospitali hakusema neno moja.

Inaitwa hematoma. Damu inatoka kwa mshipa mdogo na kujikusanya chini ya ngozi yenye imeinuliwa. Ndiyo matatizo ya kawaida zaidi baada ya hii operesheni. Huwa inatokea sana ndani ya saa 24 za kwanza, ingawa inaweza kuchelewa kama ya Anti. Presha ikipanda, hatari inapanda. Shida si damu yenyewe, ni kwamba inasukuma ngozi kutoka ndani, na ngozi ikikosa damu yake inakufa. Walimrudisha chumbani usiku huo, wakafungua nyuzi kadhaa, wakatoa damu iliyoganda, wakafunga mshipa, wakashona tena. Daktari aliniambia tulifanya vizuri kutongoja asubuhi. Nilikaa kwa kiti cha koridoni nikashindwa kufurahi. Vile nilimjibu Anti saa tano, "lala", ilikuwa inajirudia kwa kichwa.

Tukarudi Roysambu. Siku ya 3 na ya 4 ndizo mbaya kabisa, mtu asiwadanganye. Uvimbe unafika juu. Macho yakawa mistari miwili. Damu ya chini ya ngozi inashuka na uzito wake mpaka shingoni na kifuani. Kwa ngozi yetu haiwi ile bluu ya filamu. Inakuwa weusi juu ya weusi, halafu baadaye rangi ya parachichi limeiva kupita kiasi. Masikio na mashavu hayana hisia. Alikuwa anajigusa anasema ni kama anagusa uso wa mtu mwingine. Akijaribu kutabasamu, kona moja ya mdomo inachelewa. Daktari alituambia mishipa ya fahamu inaweza kushtuka na mara nyingi hurudi yenyewe, wiki au miezi, na kuharibika kabisa ni nadra. Lakini nadra ni neno la mtu hajalala na kioo mkononi saa tisa usiku.

Siku ya 4 alilia. Sijawahi kuona Anti akilia, hata kwa mazishi ya babangu. Alisema, "Nimejiharibu na pesa yangu mwenyewe." Karatasi ilikuwa imeandika hiyo pia, kwamba wengi hushuka moyo siku za kwanza na kujuta, halafu hupita. Nilimsomea. Akaniambia niache kusoma. Nikamtengenezea supu nikakaa hapo.

Siku ya 7 zilitoka nyuzi za mbele ya masikio, za nyuma na za kwa nywele zikangoja mpaka siku ya 10. Kuanzia hapo kila asubuhi kulikuwa na kitu kimepungua. Akaanza kuzunguka nyumba, akaanza kulalamika kuhusu sahani zangu. Nikajua anapona.

Siku ya 8 alitoka kwa korido kuanika leso. Mama wa nyumba ya pili, mwenye hatujawahi kuongea zaidi ya "sasa", akamwona na zile alama. Akamshika mkono, akamwambia polepole, "Mama, kama ni mzee wako anakufanyia hivi, usinyamaze. Mimi nilinyamaza miaka 9." Anti alisimama pale. Angeweza kudanganya kwamba ameanguka. Akasema, "Asante sana. Hapana. Haya nimelipia mwenyewe." Yule mama alimwangalia, akaelewa, wakaanza kucheka wote wawili, Anti ameshika mashavu kwa sababu kucheka kunauma. Lakini aliporudi ndani aliketi muda mrefu bila kuongea. Mimi pia. Nilikuwa na klipu 20 na kitu za mwanamke mwenye uso umevimba, na nilikuwa nimepanga kuziweka muziki.

Siku ya 9 usiku stima zilipotea. Tuliketi gizani na tochi ya simu. Akasema, "Zile vidio. Ziko ngapi?"

"Ishirini na tatu."

"Nionyeshe."

Aliziangalia zote. Hakusema kitu. Ile amelala mdomo wazi aliirudia mara mbili. Halafu akauliza, "Ungeziweka?"

Nilitaka kusema hapana. Nikasema, "Sijui, Anti. Niko na deni la kodi miezi miwili."

"Si ungeniambia nikupee?"

"Ndio maana sikukuambia."

Akanyamaza. Nikaona ni afadhali nimalize. Nikamwambia hata shule niliacha kimya kwa sababu hiyo. Nilikuwa nimefeli masomo 4, na nilijua nikimwambia atalipa nirudie, na nikifeli tena atalipa tena, na mimi sikuwa nataka ile kozi tangu siku ya kwanza. Kila mara nikianguka yeye ndiye alikuwa anatoa pesa. Ilifika mahali nikaona afadhali anichukie kuliko alipe.

Alikaa. Halafu akasema, "Wewe uliacha shule bila kuniambia. Mimi nimekatwa uso bila kuwaambia. Tuko sare." Baadaye kidogo akaongeza, "Lakini mimi nilikata wangu. Wewe ulikuwa unataka kuuza wa mwingine."

Hiyo ndiyo hesabu, wasee. Nimejaribu kuipiga kwa njia nyingine, inarudi pale pale. Ni kweli zile klipu zilisaidia. Ni kweli pia nilikuwa nimeziiba. Hakuna moja inafuta nyingine.

Alinifanya nifute 22 mbele yake. Moja alinituma nimtumie kwa simu yake halafu nifute yangu. Ni ile ya siku ya 4, ile mbaya kuliko zote. Sikuuliza anaitaka ya nini. Nilipomuuliza kama naweza kuandika, alifikiria siku mbili, akasema, "Andika. Usitaje jina. Na uso ni wangu." Ameisoma hii post kabla yenu. Ametoa vitu viwili na ameongeza ile ya bei ya dharura.

Sasa ni miezi 3. Hafanani na msichana wa miaka 30. Anafanana na yeye mwenyewe akiwa amelala vizuri na hakuna mtu anamdai. Mdomo ulirudi sawa wiki ya 6. Makovu ya mbele ya sikio huwezi kuyaona kama hujaambiwa. Yale ya nyuma bado ni meusi, na yanachukua mpaka mwaka kutulia, kwa hivyo kofia na mafuta ya kukinga jua kila siku. Ndewe za masikio bado zina ganzi. Saluni hawezi kukaa chini ya draya ya moto kwa sababu ngozi haina hisia inaungua bila kujua, na kusuka kwa kuvuta daktari bado amekataa. Kuinua vitu vizito alikaa wiki 6 bila, na kwa mtu wa hadwea hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko kisu.

Watu wa umri wetu wananiuliza maoni yangu. Hakuna mtu wa miaka 22 anahitaji kukaza uso, hiyo tuache. Lakini najua tunapitia nini. Mimi mwenyewe nilikuwa nimehifadhi picha za mashavu ya watu, naulizia sindano za kujaza midomo usiku wa manane, kwa sababu nikijiangalia bila filta naona mtu amechoka. Zile picha nimezifuta. Sijaapa kitu. Anti alijua kitu kimoja anataka kirekebishwe, alingoja wiki 6 presha ishuke, alilipa pesa yake bila mkopo, na bado alilia siku ya 4. Kama wewe huwezi kusema kwa sentensi moja unataka nini, na nani atakaa na wewe usiku wa kwanza macho wazi, hujafika. Na huyo mtu awe na namba ya daktari, si kamera.

Kodi nimelipa ya mwezi mmoja, kwa pesa yangu. Wa pili bado. Keateka ananijua hata kwa kukohoa.

Na yule kijana wa mabati alirudi wiki jana. Nilikuwa dukani, nilishuhudia. Alimwangalia Anti vizuri, akatabasamu, akasema, "Shosho, umependeza. Mwenye duka ako?"

Anti alimuuzia na kumwongeza shilingi 50 kwa kila bati.

Tuonane wiki ijayo.